Vidirisha Vinne vya Kichochoroni

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza na wifi ameingia, vyote kwa siku moja. Sijui kipi kitanichosha mapema.

Daftari hili ni la vipimo vya mapazia ya wateja wangu, ila kurasa za nyuma ni zangu, na msimu huu nitazihitaji. Mtu mwenye ulimi kama wangu asipoandika atagombana na kila anayepita.

Wifi ni mdogo wake mume wangu. Amekuja na mabegi mawili na mwavuli uliovunjika mbavu. Amemkimbia mumewe, anasema anampiga. Mume wangu anasimamia pampu za kuvuta maji mgodini, mbali na hapa, na mvua zikianza haruhusiwi kutoka. Kwa hiyo ameamua mambo kwa simu kama kawaida yake. "Mwache akae hapo apoze moyo. Mvua zikikatika nitakuja mwenyewe nimrudishe kwa mumewe, tuyamalize." Simu ilikuwa na sauti kubwa na wifi alikuwa amekaa mbele yangu, akasikia kila neno. Alichukua kikombe chake akaenda kukiosha.

Nami nikawaza kwamba mvua za huku hazifiki mwisho wa Aprili. Nitavumilia.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mapazia ya daktari wa meno yamekwisha. Wifi ameosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamka nikakuta chumba cha chini kimekuwa bwawa.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na chini yake kuna chumba kikubwa cha zege ambacho hakijaisha na sidhani kama kitaisha nikiwa hai. Nguzo zimesimama uchi, nondo zimechomoza huku na kule, sakafu inakwangua nyayo, na kwenye kuta bado unaona alama za mbao za fundi. Unashuka kwa ngazi kutoka jikoni. Juu kabisa ya ukuta wa nyuma kuna vidirisha vinne, ukubwa wa dirisha la choo, havina vioo wala fremu. Ukiwa ndani viko juu ya kichwa chako; kwa nje viko usawa wa kifundo cha mguu, kwenye kichochoro kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani. Mume wangu aliviweka vilete hewa. Vimeleta mvua.

Wifi mwenyewe ndiye aliyetaka kulala huko. Nilimpa chumba cha watoto, maana watoto wameshaoa na kuolewa wakaenda zao, akakataa, eti asiwe mzigo. Leo nimemkuta kwenye kitanda cha kukunja, maji yanapita chini yake, na marobota yangu yote ya vitambaa vya oda ya hosteli ameyapandisha kitandani. Vitambaa vimelala kifalme, yeye amejikunyata pembeni.

"Wifi, si ungeniita?"

"Ulikuwa umelala, wifi."

Tulipomaliza kufagia maji akanyoosha kidole juu. "Tuvizibe hivi. Vyote vinne." Nikamwambia mtu akiziba vyote hewa atapata wapi. Akasema hewa si shida yake. Jibu gani hilo, jamani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwita fundi wa kuziba vidirisha, amesema kesho.

Jumapili, 10 Machi

Amesema kesho.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempa jina. Kuanzia leo ni Fundi Kesho.

Alhamisi, 14 Machi

Mume wa wifi amekuja kutusalimu. Nilitarajia jitu lenye macho mekundu, kumbe ni mtu mwembamba wa sauti ya chini, karani wa ghala upande wa pili wa mji. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavipanga sambamba. Alileta machungwa. Alinijulia hali, akawajulia hali watoto wangu mmoja mmoja, akaniuliza hali ya magoti yangu. Watoto wenyewe hawaulizi magoti yangu.

Kisha akakunja suruali akanisaidia kupandisha marobota kutoka chini, yote, bila kutweta. Akavitazama vidirisha kwa muda. "Hivi mvizibe kweli, shemeji. Ila acheni kimoja, kile cha mwisho, msije mkakosa hewa." Nikasema moyoni, angalau mwenye akili mmoja amepita humu.

Wifi alijifungia chooni tangu aliposikia sauti yake mpaka alipoondoka. Nimeona aibu. Mtu kaja kwa adabu, na machungwa mkononi, unamwachia mgongo wa mlango.

Ijumaa, 15 Machi

Tumegombana. Nilimwambia wifi kwamba mumewe ni mtu wa watu, na kama kuna tatizo walizungumze wakiwa wameketi, si mmoja chooni. Alisema tu, "Anakuja kule nyuma. Naona viatu vyake kidirishani. Anasimama, halafu anachuchumaa."

"Kichochoroni? Kule hakuna njia, wifi. Kinaishia ukutani, na mbele nimeegesha bati."

"Ndiyo maana najua ni yeye."

Nikamwambia ni paka, au mvua inamchezea macho. Akasema sawa wifi, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kusema sawa. Nimekasirika mpaka nimekata kitambaa upande usiofaa.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimeenda naye kupima madirisha ya ukumbi wa kanisa, yale marefu yaliyonikosesha raha mwezi mzima. Mimi na ngazi hatupatani. Nikipanda hatua ya tatu miguu inakataa amri. Wifi alivua kandambili, akapanda mpaka juu kabisa, akawa ananitajia vipimo huku ananing'inia kwa mkono mmoja kama anachuma mapera. Mchungaji akashika kifua. Mimi naandika, nachekea pembeni.

Njiani kurudi akaniambia utotoni alikuwa akipanda kila kitu, na kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa akisimama chini analia amshushe. Miaka yote hii mwanaume huyu ananiambia yeye haogopi kitu. Tumecheka mpaka watu wakatugeukia.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua kutwa. Wifi ameshona pindo, limekwenda kombo, nikalifumua. Kila mtu na kipaji chake.

Jumapili, 24 Machi

Fundi Kesho amekuja. Nimeandika tarehe kwa herufi kubwa ukutani jikoni.

Amefanya kazi akiwa ndani, amesimama juu ya meza yangu ya kukatia, maana kichochoroni alisema tope litamla mtu. Alikwangua kingo za zege mpaka zikawa na makovu, akazilowanisha kwa brashi, akapanga tofali alizozikata kwa shoka, kisha saruji nzito, kisha plasta. Wifi alikuwa anampa karai. Hakuna aliyemwomba. Kila kidirisha kilipozibwa, chumba kilipungua mwanga kidogo, na mabega ya wifi yalishuka kidogo.

Cha nne nikasema kiachwe, kipigiliwe ubao tu, hewa iingie pembeni. Wifi akanitazama. "Hicho ndicho kibaya zaidi, wifi." Nikamwambia hata mumewe, ambaye ana busara, ameshauri kiachwe. Fundi akapigilia ubao. Wifi akasogeza kitanda mbali nacho, mpaka nyuma ya nguzo.

Ijumaa, 29 Machi

Nilitaka kumshonea wifi gauni, kama asante ya ile kazi ya ngazini. Nikamwambia avue blauzi nimpime mgongo.

Kuna alama begani, nyuma. Ya pasi. Si ya kuungua kwa bahati mbaya. Ni umbo zima, ncha yake inaonekana wazi. Nilibaki na futikamba mkononi.

"Alisema shati lina makunyanzi," akasema, bila kugeuka.

Nikamfunika na kitambaa, tukakaa juu ya marobota, nikalia mimi, yeye akanibembeleza. Dunia imepinduka, anayefarijiwa ni mwenye ngozi nzima.

Jioni nikampigia mume wangu. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akasema ndoa ina mengi, na watu wakigombana kila mmoja hutia chumvi. Nikamwuliza pasi inatiwaje chumvi. Akasema atakapokuja watazungumza kama wanaume. Nikakata simu kabla sijasema neno la kujutia.

Kwamba anapigwa sasa naamini. Ila habari ya viatu bado naona ni woga wake. Mtu aliyeunguzwa hivyo ataona viatu hata mawinguni.

Jumatano, 3 Aprili

Haikunyesha. Wifi ametazama mbingu asubuhi nzima. Nami nimeitazama, na nimeomba inyeshe.

Ijumaa, 5 Aprili

Imenyesha. Tumefurahi kama wakulima.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika nikiwa kitandani kwangu. Jana wametutoa zahanati. Nataka niandike kabla watu hawajanisimulia mpaka nikasahau nilichokiona mwenyewe.

Jumatatu niliamua kurudisha marobota chini, maana hosteli wanataka mapazia yao na sebuleni hapapitiki. Plasta mpya ilikuwa bado mbichi, ukiigusa inaacha unyevu kidoleni. Kitambaa cheupe na unyevu ni kuvu ndani ya siku mbili. Nikafanya ambalo kila mtu hufanya huku kwetu akiwa na haraka ya kuhamia: niliwasha jiko kubwa la mkaa, nikalishusha chini likaushe ukuta. Chumba chetu cha kulala nilikikausha hivyo hivyo, ila siku ile madirisha yalikuwa wazi. Jumatatu sikuliwaza hilo. Nilichowaza ni joto lisipotee, nikafunga na mlango wa juu ya ngazi. Kosa ni langu, halina mwenzake.

Tulikuwa tunapanga marobota, tunapiga soga. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikadhani ni njaa. Wifi akasema anasikia usingizi, akakaa chini, akaegemea nguzo. Nikamtania, nikasema umri umefika. Nilipotaka kwenda kumwinua miguu ikawa si yangu. Nakumbuka sakafu ilikuwa baridi shavuni, nakumbuka nilijisemea nipumzike kidogo tu.

Kisha mbao zinapasuka. Mwanga. Sauti ya mwanaume inaita jina la wifi, kwa nguvu, tena na tena. Hewa ya mvua ikaniingia puani. Baadaye Fundi Kesho, aliyekuwa na kazi kwa jirani, na jirani mwenyewe wamevunja mlango wa mbele, wananiburuta ngazini wamenishika makwapani, natapika.

Aliyeng'oa ubao wa kidirisha cha nne na kuita watu ni mume wa wifi. Alisimama nje ya zahanati, mikono imechanika kwa misumari, analia. Nesi alituvisha vifaa vya hewa puani, akanisema kama mtoto mdogo, nikakubali kila neno. Kisha akasema, "Huyo baba angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Kila anayekuja kunijulia hali anaanza na yeye. Amewatoa mautini. Mume kama huyo. Mume wangu amepiga simu, sauti imelegea, anasema Mungu ametuonyesha. Kule zahanati wifi alikuwa amelala kitanda cha pili, uso ukutani.

"Wifi," akaniambia, "sasa nitarudi tu. Nitasema nini?"

Mtu ameniokoa roho. Namshukuru, na nitakufa nikimshukuru.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeweza kutembea. Nimekwenda kichochoroni.

Sijui nilifuata nini. Nadhani nilitaka kukiona kidirisha. Nikasogeza bati, nikapita kwa ubavu. Mbele tope, majani, maji ya mfereji. Lakini mwisho kabisa, chini ya ukingo wa paa pasipofika mvua, mbele ya kidirisha cha nne, ardhi imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu kama sakafu. Na kuna kopo la rangi limegeuzwa chini juu, limewekewa kipande cha gunia kilichokunjwa vizuri, kingo kwa kingo. Pembeni yake maganda ya machungwa, makavu chini, mabichi juu.

Nikakaa juu ya lile kopo. Ukikaa hapo, pembeni ya ubao palikuwa panabaki upenyo, na kupitia upenyo ule unaona kitanda cha wifi kikichomoza nyuma ya nguzo, unaona ngazi, unaona kila anayeshuka.

Alikuwa anakaa hapa mvua zote. Na mimi ndiye niliyemwachia dirisha.

Sikumwambia wifi. Nimemwomba tu alale juu, chumba cha watoto, na safari hii hakubisha.

Jumapili, 14 Aprili

Haikunyesha jana wala leo. Mume wangu yuko njiani.

Jumatano, 17 Aprili

Kikao kimefanyika sebuleni kwetu. Mume wangu alikaa kiti chake, mume wa wifi alikaa kushoto, ana bendeji mikononi, shati limenyooshwa vizuri. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, sambamba. Wifi alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Mimi, kwa kuwa ni mke tu wa mwenye nyumba, nilitakiwa kuleta chai na kutoka. Nilileta chai. Sikutoka.

Mume wangu alizungumza vizuri, simkatai. Alisema yaliyopita yamepita. Alisema, "Mtu anayetaka kumdhuru mkewe hamwokoi. Angemwacha." Hata mimi naona neno hilo lina uzito. Mume wa wifi akainamisha kichwa, akasema anachotaka ni mkewe arudi nyumbani, basi. Wifi akasema, kwa sauti ndogo, "Nikafunge mabegi?"

Nikasema nina swali.

"Mama, hili ni la ukoo wetu," mume wangu akaniambia.

"Nilikuwa nakufa pamoja na ukoo wenu. Niulize mara moja tu." Nikamgeukia. "Shemeji, asante kwa roho yangu. Nasema kwa moyo. Lakini ulituonaje?"

"Nilikuwa napita, shemeji."

"Barabarani hauonekani ukuta wa nyuma. Ulikuwa unapita wapi?"

"Nilisikia kama kuna shida."

"Hatukupiga kelele. Tulilala tu, kimya. Na ilikuwa Jumatatu, watu wako ghalani."

Akatabasamu kidogo, akamtazama mume wangu kama mtu anayeomba msaada kwa mwanaume mwenzake. Mume wangu alikuwa ananitazama mimi, na hasira ilikuwa imeanza kumpanda, naijua. Nikatoka kabla haijafika. Nikaenda kichochoroni, nikarudi na lile kopo na gunia lake, nikaliweka juu ya zulia mbele ya miguu ya mume wangu.

"Liko chini ya kidirisha cha nne. Nenda ukakanyage hapo lilipokuwa, uone udongo ulivyo mgumu. Wewe ni mtu wa mgodini, udongo unaujua, utasema ni wa siku ngapi."

Alikwenda. Tulikaa pale sisi watatu, hakuna aliyegusa chai. Alipoachwa peke yake na wanawake, mume wa wifi hakutabasamu tena. Mume wangu aliporudi alikuwa na ganda la chungwa mkononi.

"Tangu lini?" akamwuliza.

"Ni mke wangu," akasema, sauti ile ile ya chini, bila haya yoyote. "Nina haki ya kumtazama mke wangu."

Mume wangu alimgeukia dada yake. "Wewe ulijua? Kwa nini hukusema?"

Wifi akainua uso. "Nilimwambia wifi, akasema ni paka. Nikakwambia wewe kwa simu, ukasema niache kuangaliaangalia madirisha."

Nilitamani sakafu inimeze, na nadhani mume wangu naye alitamani hivyo hivyo. Nilimwona akitafuta pa kushika, yule mtu wa kuamua mambo kwa simu. Kisha akachuchumaa mbele ya kigoda cha dada yake, magoti yakalia.

"Unataka nini wewe?" akamwuliza. Nina hakika ni mara ya kwanza mtu kumwuliza tangu avuke kizingiti chetu.

"Nataka kukaa hapa."

Mume wangu akainuka. "Shemeji," akasema, "kavae viatu vyako."

Alhamisi, 18 Aprili

Jua tangu asubuhi, hakuna hata wingu. Fundi Kesho amekuja kutengeneza mlango aliouvunja, amesema atamaliza kesho.

Mume wangu hajasema nami tangu jana. Amenuna au anaona haya, sijajua, na safari hii sitamrahisishia. Ila alichemsha chai mwenyewe, akamimina vikombe vitatu. Wifi alikuwa bado amelala na jua limeshapanda. Mume wangu akataka kwenda kumgongea, akafika mlangoni, akarudi. Akachukua kisahani akakifunika kikombe cha dada yake kisipoe, akakaa kumsubiri.